Jina litakuja langu

Mwishoni mwa 2019, siku za kukimbizana na usajili wa laini kwa alama za vidole, nilipanga foleni chini ya mwamvuli wa wakala mmoja karibu na stendi, Morogoro. Nikaweka kidole. "Mama, haijasoma. Futa jasho, weka tena." Nikafuta kwa khanga, nikaweka. "Bado." Mara ya tatu ikakubali, nikamshukuru kijana kwa uvumilivu wake na kumwachia chenji.

Miaka ikapita. Siku moja dukani hakuna mteja, nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Mimi nina laini mbili. Zikaja nne.

Nilidhani mtandao umekosea. Nikaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, nikaandika mojawapo ya zile namba ngeni na kiasi cha shilingi 1,000, nikasubiri jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likaja jina langu, yote matatu, na la babu halijakosewa hata herufi. Hapo nikakumbuka ule ujumbe ambao sote tumeupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Nimeucheka mara ngapi! Sijawahi kujiuliza huyo fulani ni nani, na kama mwenyewe ana habari.

Siwezi kuapa kuwa ni yule kijana wa mwamvuli, kwamba kila "haijasoma" yake ilikuwa laini nyingine kwa jina langu, ila tangu siku hiyo kidole changu hakigusi mashine mara mbili kabla sijaoneshwa kioo kinasema nini. Usajili nafanyia duka la kampuni au kwa wakala mwenye kitambulisho, hata kama ni mbali. Na ukitaka kuhakiki, piga *106# kwa kila mtandao unaotumia, usiishie mmoja. Ukikuta namba usiyoijua, beba kitambulisho chako uende dukani kwao ikafungwe. Usiipigie kwanza kugombana na aliyeishika, utampa nafasi ya kujipanga tu. Ujumbe wa kitapeli nao uripoti kupitia 15040, ni bure.

Mwizi wa taarifa tunamwazia kijana mwenye kompyuta tano gizani. Kwangu mimi, karibu kila kilichotoka nilikitoa mwenyewe, tena kwa adabu. Chukua steshenari. Unataka kopi ya kitambulisho, unaambiwa "tuma WhatsApp hapa", unatuma, unalipa, unaondoka. Picha imebaki kwenye simu ya mtu usiyemjua jina, pamoja na za mtaa mzima. Siku hizi napeleka kadi yenyewe. Nikilazimika kutuma picha, nasimama hapohapo hadi ifutwe, na juu ya kopi naandika kwa kalamu kazi yake na tarehe. Wananiona msumbufu. Sawa.

WhatsApp ndiyo iliyomkuta shangazi. Aliombwa na "mwenzake wa kikoba" amsomee tarakimu sita zilizoingia kwake kwa bahati mbaya. Akamsomea. Kumbe simu ya huyo mwenzake ilikuwa imeshatekwa, na baada ya dakika chache ya shangazi nayo ikawa inaomba mikopo kwa ukoo mzima. Zile tarakimu ni ufunguo wa akaunti yako, hakuna anayezihitaji kwa wema. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri isiyo tarehe yako ya kuzaliwa.

Programu za mikopo ya haraka sina mengi ya kusema: ikiomba kusoma majina yote kwenye simu yako kabla ya kukupa elfu thelathini, ifute. Hao ndugu zako ndio dhamana, na watatumiwa ujumbe wa kukuaibisha.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume yake ipo. Kwa hiyo mlinzi wa getini akitaka namba ya NIDA kwenye daftari lililo wazi kwa kila mpita njia, muulize ni ya kazi gani. Mara nyingi namba ya simu inamtosha.

Laini zangu mbili za ajabu zilifungwa siku ileile. Juzi nikamsimulia wifi, naye akapiga palepale. Zikaja tano. Ana kitochi kimoja, cha laini moja.