Usiagize Dadu Itupwe Ovyo: Ushauri kwa Mwendeshaji wa Michezo ya Mezani

Waendeshaji wapya wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, yaani wale wanaosimulia hadithi na kuamua matokeo, hukosea zaidi pahali pamoja: wanaagiza dadu itupwe kwa kila jambo. Mchezaji akisema "nafungua mlango," atupe. Akitaka kusoma barua, atupe. Akipanda ngazi, atupe tena. Baada ya saa moja meza nzima imechoka, na mwizi aliyeandikwa kuwa hodari ameshateleza ngazini mara mbili. Hapo sheria za mchezo hazina lawama. Bahati imeitwa mahali ambapo haikuhitajika.

Kabla hujasema "tupa," jiulize kama mhusika anaweza kushindwa kweli, kama anaweza kufaulu kweli, na kama kushindwa kwake kutabadilisha chochote. Jibu la swali la tatu likiwa "hapana, atajaribu tena," mpe anachotaka na msonge mbele. Kufuli la chumba kisicho na mtu, huku kundi halina haraka, litafunguka tu. Mwizi mwenye vifaa vyake anahitaji muda basi. Kufuli hilohilo, walinzi wakiwa wanaikaribia kona, linastahili dadu.

Gharama ya kushindwa itaje kabla dadu haijatupwa. "Ukishindwa, kufuli litafunguka, lakini kwa kishindo, na walinzi watasikia." Sentensi moja kama hiyo humpa mchezaji nafasi ya kubadili nia, na matokeo yakiwa mabaya hataona kwamba ameonewa. Angalia pia kwamba katika mfano huo mlango unafunguka kwa vyovyote. Hadithi haikwami, kinachobadilika ni hali wanayoingia nayo chumbani.

Sasa hesabu, maana ndiko madhara ya mitupo mingi yanakojificha. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974 na ambao wengi huanzia, kazi nyingi huamuliwa na dadu ya pande 20. Kila upande una asilimia 5. Mhusika wa daraja la kwanza aliye mzuri katika jambo fulani huwa na nyongeza ya 5, inayojumlishwa na namba ya dadu ili kufikia ugumu, yaani namba anayoiweka mwendeshaji. Ugumu ukiwa 10, anafaulu kwa asilimia 80. Ukiwa 15, ambao toleo la tano la mchezo huo linauita wa wastani, anabaki na asilimia 55. Ukiwa 20, ni 30 tu. Kwa hiyo mwendeshaji anayeandika 15 kila mahali kwa mazoea anamwambia mtaalamu kwamba atashindwa karibu nusu ya majaribio yake. Mimi nashauri 10 iwe ndiyo kawaida yako katika daraja za mwanzo, na 15 uitunze kwa mambo ambayo hata fundi angeyafikiria mara mbili.

Mitupo ikirudiwa, hali inazidi kuwa mbaya. Ukuta mmoja ukiugawa katika mitupo mitatu ya asilimia 55, nafasi ya kufika juu bila kuteleza inashuka hadi asilimia 17 hivi. Mchezaji haoni hesabu hiyo. Anaona tu kwamba mhusika wake hafai kitu. Ukuta mmoja, mtupo mmoja, na matokeo yasimame mpaka hali ibadilike: wapate kamba, mvua ikatike, au waende upande mwingine.

Kunyemelea kwa kundi ndiko kunakoharibu vipindi vingi kuliko kitu chochote. Watu wanne, kila mmoja ana asilimia 55, na mwendeshaji anadai wote wafaulu. Nafasi yao ni asilimia 9. Ukifanya hivyo, umeshaamua kwamba watagunduliwa, na kilichobaki ni kupoteza muda. Wachezaji hujifunza upesi kwamba kunyemelea hakulipi, nao wataanza kuvamia kila mlango kwa panga, kisha mwendeshaji anashangaa kwa nini hawatumii akili. Tumia kanuni ya kundi: wote watupe, na nusu wakifaulu kundi zima linapita. Kwa watu haohao wanne nafasi inapanda hadi asilimia 76 hivi, na inaleta maana pia, kwani mwenye miguu myepesi humwongoza mwenye deraya nzito.

Kosa la upande wa pili hutokea kwenye maarifa. Mmoja anauliza kama anaitambua nembo ya kale, anashindwa, na papo hapo wenzake watatu wanadaka dadu: "Na mimi! Na mimi!" Wanne wenye asilimia 55 wakitupa wote, nafasi ya angalau mmoja kufaulu ni 96. Kama ni hivyo, waambie tu nembo ni ya nani. Ukiona mtupo unafaa, achaguliwe mmoja, na mwingine amsaidie. Mwenye msaada hutupa dadu mbili na kuchukua kubwa. Ile 55 inakuwa karibu 80.

Kidokezo ambacho hadithi haiwezi kuendelea bila hicho usikifungie nyuma ya dadu kamwe. Ikiwa muuaji wa mfalme anajulikana tu kwa pete iliyo chini ya kitanda, na hakuna aliyetupa vizuri, jioni yenu imekwisha. Kila jambo ambalo ni lazima waligundue liwekee vidokezo visivyopungua vitatu, katika sehemu tofauti: pete, mtumishi aliyeona kivuli, deni katika daftari la hazina. Anayepekua kitanda aipate pete. Dadu iamue kama ameipata kabla nyayo hazijasikika nje.

Michezo inayotumia dadu mbili za pande 6 ina tabia tofauti, na anayehamia huko ajihadhari na nyongeza. Mingi kati yake huhesabu 10 na zaidi kuwa ushindi kamili, 7 hadi 9 ushindi wenye gharama, na 6 kushuka chini kushindwa. Bila nyongeza, ushindi kamili ni asilimia 17. Nyongeza ya 1 peke yake inaupeleka hadi 28 hivi, na kushindwa kunashuka kutoka 42 hadi 28. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza hiyohiyo ingeleta asilimia 5 tu. Usiigawe kama peremende.

Vitani dadu haiepukiki, hivyo kazi yako ni kuhesabu zamu. Katika Dungeons & Dragons, goblini (zimwi dogo) wa toleo la tano la 2014 ana uhai 7, yaani madhara anayoweza kustahimili kabla ya kuanguka, na upanga wake hupiga kwa dadu ya pande 6 ukiongeza 2, wastani wa 5.5. Anaonekana mdogo. Lakini mchawi wa daraja la kwanza mwenye uhai 8 na kinga 12 (namba ambayo mtupo wa adui lazima uifikie ili umpate) hupigwa naye kwa asilimia 65. Goblini wanne wakimwelekea yeye peke yake, mapigo mawili au matatu yatampata katika duru moja, na mawili tu kwa kawaida yanatosha kumwangusha. Wagawe: wawili wamkabili aliye mbele, mmoja apige mishale kutoka mbali, wa nne akimbie kuita wenzake. Zimwi moja kubwa lina tatizo la kinyume, kwa sababu kundi lina zamu nne dhidi ya moja yake, na mara nyingi linaanguka kabla halijafanya lolote la kukumbukwa. Lipe walinzi wawili au watatu.

Ili zamu zisiburute, dadu ya shabaha (kama pigo limempata adui) na ya pigo (madhara yake) zitupwe pamoja, na anayefuata atajwe mapema: "Zamu ya mchawi, mwizi, jiandae." Dadu zako mwenyewe zitupe mezani waziwazi, wote wakiona.