Robo saa kwa baiskeli

Mwanangu Aikande,

Barua yako nimeipata, na mama yako anakusalimu. Unasema hapo chuoni Dodoma mmegawanywa makundi mawili, nawe umepangiwa kuitetea Algeria. Umeniuliza kama Uingereza na Japani walikuwa na haki ya kuilaumu kwa jinsi jeshi lake lilivyovamia kiwanda cha gesi cha Tigantourine, Januari 2013.

Wiki ile redio yetu haikuzimwa. Wafanyakazi karibu 800 walikamatwa na magaidi kule jangwani, karibu na mpaka wa Libya. Tarehe 16 wametekwa, tarehe 17 helikopta zikayapiga magari yenye mateka ndani, tarehe 19 yamekwisha. Wageni 39 walikufa, kumi kati yao Wajapani. Algeria walisema watekaji walitaka kutoroka na mateka na kulipua kiwanda, nafasi ya kungoja haikuwepo. Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, naye akalalamika kwamba hakuarifiwa kabla. Alipompigia mwenyewe waziri mkuu wa Algeria, aliambiwa jeshi limeshaanza kazi.

Kwangu lililobaki ni hilo la kutoarifiwa. Najua siyo ulilouliza.

Baba yako mdogo unajua alivyokuwa kabla hajaacha pombe. Mwaka wa mvua za El Niño, wewe hujazaliwa, alijifungia na dada yako Manka kwenye stoo ya mahindi pale Kiboriloni, panga mkononi. Alitaka nitamke mbele ya wazee kwamba kihamba cha babu, lile shamba la ukoo, ni chake. Na yeye ndiye kitindamimba. Kwa mila zetu, hakuwa anadai cha mtu. Ningeweza kutamka. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

Manka alikuwa na miaka minne. Alilia, kisha akanyamaza. Kimya kile kilinishinda. Nilichukua mtaimbo nikavunja mlango, na mlango ukamwangukia yeye. Ule mkono wake wa kushoto usionyooka, mnaomtania nao kila Krismasi, si panga la baba yako mdogo. Ni mimi.

Shangazi yenu aliandika kutoka Dar kwamba ningesubiri wazee. Sikumjibu, na sitamjibu. Tangu mkiwa wadogo nawaambia: aliye mlangoni ndiye anayesikia pumzi. Shangazi alikuwa Dar, angesikia nini?

Kwa hiyo Algeria nawaelewa. Wametoka kwenye miaka mingi ya vita vya ndani, wamezika watu wao kwa maelfu mengi, na wakaapa kutobembelezana na watu wa aina ile. Aliye mlangoni ndiye anayesikia. Hata Hollande, rais wa Ufaransa wakati ule, aliwatetea, ingawa siku chache tu nyuma alikuwa amepeleka wanajeshi Mali na ndege zake zilihitaji anga la Algeria, basi utetezi wake siupi uzito mkubwa.

Hapo ndipo nilitaka kuishia. Lakini Wajapani waliosihi mashambulizi yasitishwe hawakuwa shangazi wa Dar. Watu wao walikuwa ndani.

Siku ile mama yako alikuwa soko la Mbuyuni, anauza ndizi. Robo saa kwa baiskeli. Kijana wa jirani alikuwa amesimama pale pale na baiskeli yake, akaniuliza, "Baba Manka, nikamwite mama?" Nikamwambia asiende. Nilijiambia angechelewa. Kweli yenyewe niliogopa angefika, akaniambia nisivunje.

Miaka yote hii mama yako hajanilaumu kwa ule mlango hata mara moja. Ananilaumu kwa ile baiskeli.

Unataka nikuandikie nani alikosea, upate kwenda nalo darasani. Nimeandika jibu mara mbili, nikalifuta. Nikisema Algeria walikosea, nimejihukumu na mtaimbo wangu, na mtaimbo ule ningeushika tena leo. Nikisema hawakukosea, nitakuwa nimemjibu mama yako kitu ambacho sijawahi kuthubutu kumjibu. Zungumza na mwalimu wako, labda yeye ataweza.

Jana jioni nilimsomea mama barua yako, nikamweleza na habari yenyewe, siku kwa siku. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi. Akauliza moja tu: simu walikuwa nazo?

Nikamwambia walikuwa nazo. Akaendelea kumenya.

Baba yako
Moshi