Mkuu, usimgeuze mgeni kwa stiki!

Simama hapo hapo mkuu. Unatengeneza ziara ya VR (ile miwani inayomwingiza mtu ndani ya picha ya kompyuta) ya Mji Mkongwe kwa ajili ya wageni wa maonesho, unauliza kati ya kuteleporti (kuonyesha sehemu na kutokea hapo papo hapo), kutembea kwa stiki (kile kijiti cha kidole gumba kwenye rimoti ya mkononi) na kupunga mikono ili usogee ipi bora, halafu mwishoni unagusia tu kwamba kugeuka umeshaweka kwa stiki, laini, "ionekane kama kweli". Zima hicho kitu leo!

Mimi nilifundishwa kuweka hivyo hivyo na mwalimu mmoja wa kozi ya mtandaoni, alituapia kabisa kwamba watu watazoea. Watazoea saa ngapi wakati mgeni anavaa miwani dakika chache anaondoka? Akaja mzee mmoja wa heshima zake, shemeji wa mteja wangu, akasukuma stiki ya kulia, chumba chote kikamzunguka. Akaanza kupiga miayo, jasho likamtoka juu ya mdomo, mkono unapapasa meza ambayo ipo nyuma yake, na kabla sijamvua ile miwani akatapika mbele za watu. Mteja akafunga banda, hela iliyobaki sijaiona mpaka leo, sponji ya usoni nikatupa. Yule mwalimu keshazoea VR miaka, anapima kwa tumbo lake halafu anawashauri wenye matumbo mapya, aisee nikikutana naye atanunua sponji nyingine!

Macho yanaona unazunguka, sikio la ndani linasema umesimama, mwili unagoma. Na sikio linahisi mwendo unapobadilika, ndio maana kwenda mbele moja kwa moja kwa spidi ile ile wengi wanavumilia kiasi, ila kuzungushwa, au spidi kupanda taratibu kama daladala inatoka stendi, hapo ndio balaa. Half-Life: Alyx, mchezo wa VR wa 2020, yenyewe ilimpa mchezaji achague kuteleporti au kutembea mfululizo, haikumlazimisha, sembuse sisi na mabanda yetu.

Mgeni ageuke kwa shingo na miguu yake mwenyewe, basi. Mpe kiti cha kuzunguka. Akishindwa kabisa, mgeuze kwa mkato, digrii 30 au 45 kwa mpigo, picha iruke bila kupita katikati. Kama unatumia Unity (programu ya kutengenezea michezo na VR), kwenye kifurushi chake cha XR Interaction Toolkit zima Continuous Turn Provider (kugeuka laini), washa Snap Turn Provider (kugeuka kwa mkato), kazi ya dakika moja hiyo.

Kutembea weka teleporti. Ya kupunga mikono tutaongea ukishazima hiyo kitu.