Kuangalia shoo ileile tena na tena bila kujuta hela yako

Watu wakijua kwamba The Lion King, ile shoo ya muziki ya jukwaani, nimeiona mara nyingi na bado nakata tiketi, swali linakuwa lilelile, "sasa si unajua inavyoisha?" Najua ndio. Mufasa baba yake Simba anakufa, Simba anakimbia, Simba anarudi, hata mtoto aliyeangalia katuni ya 1994 anajua. Ila hakuna anayerudi ukumbini kutafuta mwisho. Ni kama taarab jamani, watu wanaujua wimbo mstari kwa mstari, wameusikia harusini na kwenye redio miaka nenda miaka rudi, na bado wanajipamba wanakwenda, maana wanataka kusikia leo ataimbaje, leo fidla imelia vipi, na ile beti yao ikifika wanainuka kwenda kutuza. Kitu kinachofanywa na watu hai mbele yako hakitoki sawasawa siku mbili.

Naishi London kwa hiyo nitaongelea nilichokizoea, ukumbi wa Lyceum pale Wellington Street karibu na Covent Garden, ambapo hii shoo iko tangu Oktoba 1999, baada ya kuanza Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za New York, Novemba 1997. Na sio hii peke yake, Les Misérables ilifika London 1985, The Phantom of the Opera 1986, na ukitoa kipindi cha korona zimeendelea mpaka leo, kwa hiyo mtu ana miaka na miaka ya kurudi akitaka. Wanaorudia ni wengi na wana historia yao. Rent, shoo ya mtunzi Jonathan Larson, ilipoingia Broadway 1996, siti za safu mbili za mbele ziliuzwa dola 20 siku hiyohiyo ya shoo, vijana wakawa wanalala nje ya ukumbi wa Nederlander kuzisubiri, na wengi wao walikuwa wameshaiona tayari, mpaka baadaye ikawekwa bahati nasibu badala ya foleni. Larson mwenyewe hakuyaona hayo, alifariki alfajiri ya Januari 25, 1996, siku ambayo onesho la kwanza la watazamaji lilikuwa lifanyike. Huwa nawakumbuka wale wa kwenye baridi nje ya Nederlander kila mtu akisema kurudia shoo ni mambo ya matajiri. Matajiri hawalali barabarani kwa siti ya dola 20.

Haya, tuje kwenye ushauri.

Kitu cha kwanza, hama siti. Usikae sehemu moja kila mara hata kama uliipenda. The Lion King inaanza na wanyama wanapita katikati ya watu, tembo mkubwa mwenye watu ndani ya miguu anakuja kwenye njia kati ya viti vya chini, ukikaa pembeni ya ile njia unasikia hadi pumzi ya aliyebeba. Hiyo uione, ni lazima uione. Ila baada ya hapo panda juu, nakuomba, nenda Royal Circle au Grand Circle, kwa sababu kuna vitu mwongozaji wa shoo, Julie Taymor, alivitengeneza sakafuni na ukiwa chini huvipati. Cha kwanza ni maji. Kwenye ukame, lile dimbwi ni kitambaa cha hariri cha bluu, cha duara, kimetandikwa chini jukwaani, halafu taratibu kinavutwa kuingia kwenye tundu dogo katikati, kinasinyaa, kinasinyaa, mpaka sakafu inabaki tupu. Hakuna anayesema neno. Ni kitambaa na tundu tu, na watu wote mliokaa juu mnaona maji yanakauka. Aliyekaa mstari wa mbele chini hapo anaona ukingo wa kitambaa tu kama anaona. Kwa hiyo siti ya bei ndogo sio siti ya pili kwa ubora siku zote, inategemea unataka kuona nini, na mimi kwa mawazo yangu ukame wa juu unashinda tembo wa chini.

Lile kundi la nyumbu linalomuua Mufasa nalo, tafuta siti ya katikati, isiwe pembeni sana, maana limepangwa kwa tabaka, nyuma kabisa wanyama wadogo wamechorwa kwenye turubai inayozunguka, mbele yake wakubwa zaidi, halafu mbele kabisa ni wachezaji wenye vinyago, ndio maana jicho lako linaamini kwamba kundi linatoka mbali linakuja kukukanyaga. Ukiwa pembeni unaona zile tabaka zimeachana na ule mshtuko unapungua.

Kitu cha pili, chagua mtu mmoja umfuate. Hii ndio inayotenganisha kurudia na kupoteza muda. Ukienda unaangalia katikati ya jukwaa kila siku, basi ni kweli utachoka haraka. Mimi kuna siku namfuata Scar, yule ndugu mbaya wa Mufasa, peke yake, kwa sababu ya kinyago. Vinyago vya Scar na Mufasa vimekaa juu ya vichwa vyao na vinatembea, mwigizaji akiinama kwa hasira kinyago kinashuka mbele ya uso anakuwa mnyama kabisa, akitulia kinarudi juu unamuona mtu. Angalia ni saa ngapi anaamua kukishusha. Kuna waigizaji wanakishusha mapema, wanatisha kwa sura ya mnyama, na kuna wanaosubiri mpaka neno la mwisho. Siku nyingine nawafuata simba jike, wanapoomboleza wanavuta utepe mweupe kutoka kwenye macho ya vinyago, ndio machozi hayo, na sio wote wanavuta kwa mwendo mmoja. Siku nyingine wapiga ngoma tu, wanaokaa kwenye vibaraza vya pembeni mwa jukwaa, unawaona wazi wanavyomtazama Rafiki, yule nyani mganga, na wanavyomngoja.

Na wale wa kundi, wanaojaza jukwaa, ndio msingi wa kila kitu. Mtu huyohuyo uliyemuona amebeba majani kichwani akiwa mbuga, baadaye ni fisi, baadaye ni mti sijui nini, anabadilisha nguo giza kwa giza na bado anaimba kwenye kwaya ya sauti kadhaa. Sauti hizo ni kazi ya Lebo M, mwanamuziki mzaliwa wa Soweto aliyekwenda uhamishoni wakati wa ubaguzi wa rangi, na sisi tunaotoka huku tukisikia jina Simba na Rafiki tunajiona nyumbani, lakini ile miito mikubwa ya mwanzo ni Kizulu, na ndani ya kundi siku zote kuna waimbaji kutoka Afrika Kusini. Ukiwasikiliza mara moja hutofautishi. Ukirudi unaanza kujua hii sauti nzito inatokea upande wa kushoto, hii nyembamba inayopanda juu ya wote ni ya yule dada mfupi.

Niliwahi kumpeleka mama alipokuja kutoka Tanga. Mama yangu hana habari na Broadway wala nini, nikajua atampenda Pumbaa, yule ngiri mchekeshaji, kama watu wote. Walipoingia twiga akanishika mkono, maana yule twiga ni mtu mmoja amefungwa magongo miguuni na mikononi, anatembea ameinama, na shingo ndefu ya twiga inatokea kichwani kwake. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, yule akiteleza nani anamuinua?" Nikamwambia mama sijui, tuangalie. Basi kila twiga akitokea yeye anashikilia kanga yake mpaka atoke salama. Tangu siku ile nami nawaangalia wale twiga kwa jicho lingine kabisa, unaona anavyoweka gongo la mkono, anasikilizia kwanza sakafu, ndipo anahamisha uzito, na juu kile kichwa kinayumba kwa madaha kama hakuna kazi yoyote inayofanyika chini. Kwa hiyo mkiwa wawili, muulize mwenzio ameona nini, usimwambie wewe unajua nini.

Sasa kuhusu waigizaji wa akiba. Naongea hapa kwa uchungu kidogo kwa sababu naona watu wanavyonuna pale mlangoni wakisoma kwamba leo Simba au Nala ni mwingine. Usinune! Kwa anayerudia hiyo ndio zawadi. Hawa watu wanapiga shoo 8 kwa wiki, mwili unachoka, koo linachoka, ndio maana kuna watu wamejifunza nafasi tano sita au zaidi na wanaweza kuambiwa mchana kwamba usiku unaingia, wengine huitwa hata shoo ikiwa katikati. Mtu anayeingia hivyo anaigiza kwa moto wa ajabu, na wenzake wote wanamtazama na kumbeba, mazungumzo yaliyozoeleka yanakuwa mapya kwa sababu anajibu tofauti. Shoo nzuri kabisa nilizoziona nyingi zilikuwa za mtu wa akiba. Watoto nao wanapokezana, Simba mdogo na Nala mdogo wako kadhaa kwa zamu kwa sababu sheria ya Uingereza inabana saa za kazi za watoto, kwa hiyo hata hapo kila safari unaweza kukuta mwingine.

Hela. Weka kiasi cha mwezi, kikiisha kimeisha, na kodi na hela ya nyumbani zitoke kabla ya tiketi, hilo sina mjadala nalo. Nenda peke yako, siti moja moja zilizobaki katikati ya watu huwa ndio nzuri na mara nyingi hakuna anayezitaka. Nenda siku za kazi, kwepa likizo za shule na msimu wa Krismasi bei inapopaa. Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, achana na hizi za kulangua zinazotokea juu ukitafuta kwenye intaneti, zinauza siti ileile kwa bei ya kuumiza. Shoo nyingi za hapa zina tiketi za siku hiyohiyo kwenye apu ya TodayTix asubuhi, na Hamilton wana bahati nasibu yao ya pauni 10, ukikosa wiki hii jaza tena wiki ijayo. Ukiona siti imeandikwa kwamba mbele yake panazibwa, usiikimbie wala usiikubali kwa macho yaliyofumba, kuna tovuti watu wanaweka picha kutoka kila siti, angalia kama ni nguzo au ni reli tu ya chuma, reli unaizoea baada ya dakika kumi, nguzo huizoei.

Halafu adabu, na hapa sitaki kuremba. Jirani yako anaweza kuwa amekusanya hela mwaka mzima kuja mara moja, na hiyo moja ndio yake. Usiimbe. Najua unaujua wimbo wote, mimi pia naujua, usiimbe hata kwa kunong'ona. Niliwahi kukaa na mtu aliyekuwa anatamka maneno ya Rafiki sekunde moja kabla ya Rafiki mwenyewe, sehemu nzima ya kwanza, na dada aliyekuwa upande wake wa pili alikuwa anafuta machozi ya hasira. Simu izime, usirekodi hata sekunde kumi, mwanga wake unaonekana mpaka jukwaani. Usicheke kabla ya kichekesho. Na ukisubiri mlango wa nyuma wanakotokea waigizaji, simama pembeni, sema asante, akisaini sawa, akipita na kofia imeshuka mwache apite, siku ya shoo mbili mtu anataka kitanda tu. Watoto usiwasogelee kabisa, wale wana walezi wao na wanakwenda kulala.

Usijilazimishe pia. Ikifika siku umekaa pale na unawaza basi la kurudi nyumbani, pumzika miezi, waigizaji hubadilishwa kila baada ya muda, utakuta kundi jipya. Mimi nikihisi hivyo naenda kwenye shoo nyingine kabisa nisiyoijua, nakaa kama mgeni, na nikirudi Lyceum masikio yamefunguka.

Ukimpeleka mtu ambaye hajawahi kuiona, mkatie yeye ile siti ya pembeni ya njia, chini, wewe kaa ndani yake. Usimwonyeshe video, usimwambie tembo atatokea wapi. Na mfike mapema, nusu saa kabla, kwa sababu wanyama wanatumia njia zilezile za watu, aliyechelewa anazuiwa mlangoni mpaka wamalize kupita, na mwanzo ule haurudiwi mpaka shoo inayofuata.