Maswali ya Wasomaji: Miembe ya Ofisi za Halmashauri

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba madiwani wa manispaa yetu wanafikiria kuboresha eneo linalozunguka ofisi za halmashauri kwa kulitandaza lote vitofali vya saruji na kukata miembe iliyopo. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kutoa maoni kabla uamuzi haujapitishwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, ila awahi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mradi wa namna hii hujadiliwa miezi mingi kabla ya hapo, ukipitia kamati za kudumu ndipo ufike katika baraza la madiwani, ambalo vikao vyake kwa kawaida huwa wazi kwa wananchi. Mwandikie mkurugenzi na umpe nakala diwani wako, kwani yeye ndiye mwenye kura.

Kuhusu miti, naungana nawe kwa moyo wote. Kivuli kile ndicho ukumbi wa kusubiria wa kina mama na wazee wanaofuata huduma tangu alfajiri. Isitoshe, saruji iliyotandazwa ukuta hadi ukuta huzuia maji kuzama ardhini, na katika jiji hili, ambako mvua za masika za Machi hadi Mei hufurika barabarani, maji hayo huishia kwa jirani. Pendekeza mifereji ijengwe kwanza, na udongo uachwe wazi kuzunguka mashina.

Ulizia pia njia za mteremko kwa wanaotumia viti vya magurudumu, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike.