Barua kwa mwanangu: kabla hujakodi duka

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Umeniuliza kama ukope laki mbili ukodi duka hapo Thika, uuze mahamri na mbaazi za nazi, maana wenzako kazini waliyaonja na wote wakasema matamu. Usikope bado. Hao uliwakaribisha, mtu aliyekula bure atakwambia nini zaidi ya hilo?

Nilipoanza kuuza viazi karai, sifa zote zilikuwa za viazi. Wiki ya pili mtoto wa jirani akaja na kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni: "Mama amesema umtilie ukwaju wa shilingi kumi, viazi hataki." Kesho yake wakaja watatu na vikombe vyao. Nilikuwa nimewauliza watu wengi, hakuna aliyenieleza hilo. Na ukwaju huo ndio uliokulipia karo.

Hapo hapo unapokaa pana mfano mkubwa kuliko wangu. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa Nairobi na Thika kuanzia Oktoba 2005, na wateja wasiofika 500. Ilitengenezwa ili watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaitumia watakavyo: wakatumiana pesa, wengine wakaweka fedha kabla ya safari wakazitoa wakifika, wasitembee nazo mfukoni. Wenye mradi waliyaona hayo wakakubali kubadilika, wakaingia sokoni na wito wa kutuma pesa nyumbani. Fikiria wangeng'ang'ania mikopo tu!

Basi wewe pika kilo mbili, asubuhi tatu kwa wiki, ukauze karibu na steji. Uza, usigawe, hata kwa rafiki. Wiki moja mahamri peke yake, wiki nyingine na mbaazi. Usibadilishe bei na kitoweo kwa pamoja, hutajua kilichowavuta. Andika daftarini nani karudi, nini kimebaki, nani kauliza bei akaondoka. Huyo wa mwisho muulize kwa upole jana alikula nini asubuhi, na kwa pesa ngapi. Ukimuuliza kama angependa mahamri yako atakuonea haya, aseme ndiyo.

Nimekutumia elfu tatu za unga, nazi na iliki. Wiki ya pili ikiisha nipigie unisomee daftari, hasa kurasa za siku mbaya.

Mamako