Kodi ya duka imepanda ndani ya siku tatu: je, nimemdhulumu mpangaji?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nina nyumba ya urithi hapa Mombasa. Duka la chini amekodi fundi cherehani tangu 2016. Hatukuandikiana kitu, hulipa 12,000 kila mwezi. Mwezi uliopita, tarehe 28, nilimtuma mwanangu amwambie kuwa kuanzia tarehe 1 kodi ni 16,000. Alilipa, lakini nasikia anawaambia majirani nimemdhulumu. Nyumba ni yangu na bei za mtaa zimepanda. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, kupandisha kodi si haramu. Vitu vilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, akakataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei. Kwa hiyo hizo 16,000 sina neno nazo, maadamu ndiyo bei ya mtaa. Neno langu ni zile siku tatu.

Ijara, yaani kukodisha, ni mkataba, hata wa mdomo, na Allah amesema: "Enyi mlioamini, timizeni mikataba" (al-Maida, 1). Bei mpya ni mapatano mapya, nayo hayapatikani ila kwa kuridhiana. Utasema: si alilipa? Mtu mwenye vyerehani, meza ya kukatia na vitambaa vya watu alivyoachiwa amana, kwa siku tatu atahamia wapi? Wanavyuoni husema kilichochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani mtu akatoa kwa kuona aibu tu, ni kama kilichoporwa. Na dhiki nayo ina upanga wake.

Halafu kuna sheria ya nchi. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na sheria ya Kenya, sura ya 301: mwenye nyumba hutoa notisi kwa fomu maalumu, na kodi mpya haianzi mpaka ipite miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Asiporidhika, ana haki ya kulipeleka jambo kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku hiyo. Usiseme hayo ni mambo ya serikali tu. Utaratibu usiopingana na dini yetu tunatakiwa kuufuata, seuze huu unaozuia madhara.

Na kuandika kwenyewe ni katika dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni. Niliwahi kuwasuluhisha wawili baada ya Alasiri, mmoja akiapa alisema "mwezi wa sita", mwenzake akiapa alisikia "wa saba". Wote ni watu wa safu ya kwanza msikitini, na sidhani kuna aliyesema uongo.

Ama maneno yake kwa majirani, usimshikie. Aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema (an-Nisaa, 148).

Sasa mrudishie hizo 4,000, au zikate kwenye kodi ijayo kama atakubali. Nenda mwenyewe, usimtume kijana. Kisha jaza hiyo fomu, umpe nakala, na yako aitie sahihi na tarehe aliyoipokea. Ukiona miezi miwili inaishia ndani ya Ramadhani, ngoja mpaka baada ya Idi, fundi awe ameshalipwa kanzu za watu.

Wallahu a'lam.